Nani Amekagua Hesabu za Utafiti Wako?

Wasomi wenzangu wa mwaka wa tatu, huu ndio msimu wa sura ya nne. Ukipita maktaba saa nne usiku utawakuta watu wameikodolea macho Excel, wengine SPSS, na wachache wenye roho ngumu wanapambana na R au Python. Kila mmoja anataka namba zitoke, majedwali yapangike, msimamizi asaini. Kuhusu dodoso tunaulizwa maswali mengi: ulilijaribu kabla? Sampuli uliipataje? Kwa nini shule hizi na si zile? Lakini ule mlolongo wa amri na fomula uliogeuza majibu ya dodoso kuwa asilimia, hakuna anayeuuliza. Namba ikitoka, imetoka.

Makala hii inahusu hicho kipande kisichoulizwa. Ninachosema ni kwamba fomula na misimbo (yaani zile amri tunazoiandikia kompyuta) tunazotumia kwenye utafiti ni chombo cha kupimia, sawa na mizani ya maabara ya kemia au kipimamvua pale kituo cha hali ya hewa. Chombo cha kupimia hukaguliwa kwanza, ndipo kinaaminiwa. Wanaotengeneza programu kwa ajira, zile za benki na za kutuma pesa kwa simu, wameshajijengea mazoea ya ukaguzi huo. Watafiti wamechelewa kuyachukua, hata wa vyuo vikubwa duniani. Na sisi wa ualimu ndiyo kabisa, tunasema hayo ni mambo ya watu wa kompyuta.

Kisa kinachotuhusu sana wanafunzi ni cha Thomas Herndon. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala iliyosema kwamba nchi ambazo deni la serikali limezidi asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi wao kwa wastani husinyaa kidogo, asilimia 0.1 chini ya sifuri. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliinukuu sana walipokuwa wanatetea kubana matumizi. Herndon alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, akapewa kazi ya darasani: chukua makala maarufu, rudia hesabu zake. Akachagua hiyo. Hesabu zikagoma. Akawaandikia wenyewe, wakamtumia faili lao la Excel, na ndani yake akakuta fomula ya wastani inaishia mstari wa 44 wakati data zinaendelea hadi wa 49. Nchi tano, Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark, zilikuwa kwenye jedwali lakini hazikuhesabiwa. Mwaka 2013 yeye na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, wakatoa hesabu yao: wastani ni ukuaji wa asilimia 2.2. Tuwe wakweli, fomula hiyo peke yake haikuleta tofauti yote. Walibishana pia juu ya data zilizoachwa nje na namna ya kuzipa nchi uzito, na wachumi wale walikiri kosa la fomula huku wakiendelea kutetea hoja yao. Lakini fikiria: miaka mitatu, magazeti na mabunge, halafu aliyefungua faili na kusoma fomula ni mwanafunzi anayefanya asaiment.

Sasa turudi nyumbani. Mimi ni mtoto wa Iramba, kwa hiyo nichukue mvua za Singida, maana hapo ndipo nimeona jinsi msimbo unavyoweza kukimbia vizuri, bila kulalamika hata mara moja, na ukasema uongo.

Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua. Huanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili hivi. Alizeti, mtama, uwele, vyote vinategemea miezi hiyo michache. Tuseme unataka kujua kama mahudhurio ya wanafunzi yanashuka mwaka ambao mvua imekuwa haba, swali zuri kabisa kwa mtu wa elimu. Unapata mvua ya kila siku, unaiambia kompyuta ijumlishe kwa mwaka. Kompyuta kwa mwaka inaelewa Januari hadi Desemba. Ila mkulima wa Kiomboi hana mwaka wa namna hiyo. Msimu wake unavuka mwaka mpya.

Angalia kinachotokea kwa namba za kubuni. Msimu wa kwanza, Novemba 2020 hadi Aprili 2021, kila mwezi unapata milimita 100, jumla 600. Msimu wa pili ni mbaya, milimita 50 kila mwezi, jumla 300. Msimu wa tatu unarudi 600. Mkulima anajua wazi kuwa msimu wa katikati ulikuwa wa njaa, mvua ilipungua nusu nzima. Sasa jumlisha kwa kalenda. Mwaka 2021 una miezi minne ya msimu mzuri, 400, na miwili ya msimu mbaya, 100: jumla 500. Mwaka 2022 una miezi minne ya msimu mbaya, 200, na miwili ya msimu mzuri unaofuata, 200: jumla 400. Kwa hiyo kompyuta inakwambia 500 halafu 400. Ukame umemezwa na kalenda. Utaandika kwenye sura ya tano kwamba hakuna uhusiano mkubwa kati ya mvua na mahudhurio, na utakuwa umeandika kwa moyo mweupe kabisa.

Hapo hapo kuna mtego mwingine. Faili nyingi za hali ya hewa huandika siku isiyo na kipimo kwa namba isiyowezekana, kwa mfano -99, ili msomaji ajue kuwa siku hiyo hakuna data. Binadamu anajua. Msimbo haujui mpaka uuambie. Mwezi wa Machi wenye milimita 120 na siku moja tu ya -99 utageuka kuwa milimita 21. Na upande wa shule kuna ndugu yake huyo: kisanduku kitupu. Fomula ya wastani ya Excel huruka kisanduku kitupu, lakini mtu akijaza sifuri ili jedwali lipendeze, shule ambayo haikuleta taarifa inakuwa shule ambayo hakuna mwanafunzi aliyehudhuria. Kwenye ripoti ni tarakimu. Kule kijijini mwalimu mkuu anaitwa na afisa elimu kata aeleze wanafunzi wake wamekwenda wapi.

Watu wa programu hufanyaje? Jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa, wanaandika majaribio. Jaribio ni kipande kidogo cha msimbo ambacho kazi yake ni kuukagua msimbo mwingine: kinaupa data ndogo ambayo jibu lake unalijua, kisha kinalinganisha. Ile misimu mitatu niliyobuni hapo juu ni jaribio tayari. Iweke kwenye faili dogo, uendeshe msimbo wako, ukitoa 600, 300, 600, endelea. Ukitoa 500 na 400, umekamatwa mapema, kabla data halisi hazijaingia. Ongeza siku moja ya -99 uone kama Machi inabaki ilivyo. Na kila ukibadilisha kitu kwenye msimbo, hata kitu kidogo, unayaendesha majaribio yote upya, kwa sababu kurekebisha huku huwa kunavunja kule. Kazi ya kuyaandika inachukua asubuhi moja.

Lakini hapa kuna tofauti ambayo wataalamu wa programu wakija kutufundisha huwa wanaipita haraka. Mtu wa benki anajua jibu sahihi. Ukituma shilingi 10,000, salio lipungue 10,000 na makato yake, vinginevyo kuna hitilafu. Mtafiti anaandika msimbo kwa sababu hajui jibu. Mvua ya Singida ya miaka thelathini ina mwelekeo gani? Kama ningejua nisingehesabu. Sasa nitajaribu nini?

Unajaribu vitu ambavyo lazima viwe kweli, jibu liwe lolote. Mvua haiwezi kuwa chini ya sifuri. Wavulana ukijumlisha na wasichana lazima wapatikane wanafunzi wote. Ukichanganya mistari ya jedwali, wastani usibadilike. Ukiongeza kila alama mara mbili, wastani uwe mara mbili. Halafu kuna njia ya kuhesabu kwa barabara mbili tofauti, mara moja kwa R na mara moja kwa Excel au hata kwa mkono kwa shule tatu, uone kama barabara zinakutana.

Umuhimu wa barabara ya pili aliujua vizuri Geoffrey Chang, mwanasayansi wa California anayechunguza maumbo ya protini. Programu waliyokuwa wanatumia maabara kwake ilikuwa imebadilishana safu mbili za data. Haikugoma, haikutoa onyo, ilitoa picha nzuri za protini, isipokuwa zilikuwa zimegeuzwa kama kitu kinachoonekana kwenye kioo. Iligundulika pale watafiti wengine walipochapisha umbo la protini ya jamii hiyo hiyo na likakataa kulingana. Makala tano zikafutwa, tatu kati ya hizo za jarida la Science, na barua ya kuzifuta hizo tatu ilitoka Desemba 2006.

Zoea la pili ni kutunza historia. Fungua laptopu ya mwenzako yeyote utakuta folda ina faili za "Data_mwisho", "Data_mwisho_kweli", "Data_mwisho_msimamizi2". Ukimuuliza jedwali namba 7 lilitoka kwenye lipi, kimya. Kwa kazi hii watu wa programu wanatumia Git, iliyotengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kuandika Linux. Inafanya kitu rahisi: kila ukifika mahali pa kueleweka unaiambia ihifadhi hali ya faili zako zote, na wewe unaandika sentensi moja ya sababu, "nimeondoa shule mbili zisizo na rejista" kwa mfano. Faili linabaki moja, jina moja, lakini unaweza kurudi nyuma hadi siku yoyote na kuona mstari gani ulibadilika. Sentensi hizo unaweza kuziandika kwa Kiswahili, hata kwa Kinyiramba, Git haijali. Na kwa wale wanaohofia bando: historia yote inakaa ndani ya laptopu yako, intaneti unaihitaji siku ya kutuma nakala mahali pengine tu. Hiyo nakala itume kweli, maana laptopu za mabwenini zinaibiwa.

Kwamba utaratibu wa kuchakata ni sehemu ya matokeo, sisi walimu watarajiwa tulipaswa kulijua kuliko mtu yeyote. Mei 2013 Serikali ilifuta matokeo ya kidato cha nne ya 2012, ambayo zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri, na kuagiza yaandaliwe upya kwa utaratibu uliotumika 2011. Halikuwa kosa la programu, na siingii kwenye ubishi wake. Karatasi za majibu zilikuwa zile zile, utaratibu wa kupanga madaraja ukabadilika, na waliofaulu wakaongezeka. Ukikabidhiwa jedwali bila kuambiwa limepikwaje, umekabidhiwa nusu ya jambo.

Zoea la tatu ni jicho la pili. Kwenye kampuni za programu, mara nyingi msimbo hauingii kazini mpaka mtu mwingine ausome mstari kwa mstari na kuuliza maswali. Sisi tuna diskasheni za kusoma madesa mpaka usiku wa manane, lakini kumpa mwenzako fomula zako azisome tunaona aibu, au tunaogopa atadesa. Kusoma msimbo wa mtu si kudesa. Msomaji anauliza maswali ya kijinga, na maswali hayo ndiyo yanayotafutwa: kwa nini hapa umeandika 44? Hii -99 ni nini? Asiyejua kompyuta kabisa lakini amekulia Manyoni atakuuliza kwa nini msimu wako unaanza Januari, na huyo amekusaidia kuliko fundi wa Python asiyewahi kulima.

Ukaguzi unaweza kuanza hata kabla ya hesabu. Wanaokusanya data kwa simu kupitia KoboToolbox wanajua unaweza kuliwekea swali mipaka, umri wa mwanafunzi wa msingi usikubali 250. DHIS2, mfumo unaokusanya takwimu za vituo vya afya nchini kote, wenye mizizi Chuo Kikuu cha Oslo na ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuukuza, una kanuni za aina hiyo hiyo za kukataa au kutilia shaka takwimu zinazopingana.

Lakini mfano ninaoupenda wa ukaguzi wa kweli ulifanyika hapa hapa Tanzania, kwenye muhogo. Watafiti wa mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya IITA walipiga picha 2,756 za majani ya muhogo kwenye mashamba ya IITA nje ya mji wa Bagamoyo, wakaifundisha kompyuta kutambua batobato, michirizi ya kahawia, madoa ya kahawia na majani yaliyoshambuliwa na utitiri. Mwaka 2017 wakatangaza kuwa mfumo wao bora ulipatia asilimia 93 ya picha ambazo haukuwahi kuziona. Asilimia 93! Mtu wa kwetu angekwenda moja kwa moja kwenye mahafali. Wao waliendelea. Waliweka mfumo wa aina hiyo ndani ya simu, wakarudi shambani, wakaujaribu kwa picha na video za majani 720 yenye ugonjwa, mengine dalili zimekolea, mengine ndiyo zinaanza.

Matokeo waliyochapisha 2019 yalishuka. Hata kwa dalili zilizokolea, kwenye picha za shambani kipimo kiitwacho F-1, kinachochanganya mambo mawili (unapotaja ugonjwa unakuwa sahihi mara ngapi, na wagonjwa wangapi waliopo unawapata), kilianguka kwa asilimia 32. Sababu waliyoitaja ni hilo la pili: simu ilikuwa inawapita wagonjwa bila kuwaona. Wakaandika wazi kwamba mfumo wa namna hii lazima urekebishwe usipitwe na wagonjwa, ndipo ufae kwa kazi halisi. Programu ya simu iliyotokana na juhudi hizo inaitwa Nuru, inazungumza Kiswahili na inafanya kazi bila intaneti.

Kwa mkulima asilimia 93 ya kwenye kompyuta si kitu kama simu yake itamwambia shamba ni zima wakati michirizi ya kahawia imeshaingia kwenye mizizi. Watafiti wale walijaribu chombo chao mahali kitakapotumika, na namba mbaya wakaitangaza wenyewe. Msimbo wako wa mahudhurio nao una shamba lake: rejista halisi ya mwalimu wa darasa, yenye wino uliomwagikiwa chai, wanafunzi wawili wenye jina moja, na mwanafunzi aliyehama Machi akarudi Julai. Ujaribu kwa rejista kama hiyo kabla hujajisifu.

Kuna mtu ataniambia msimbo mchafu si lazima uwe na makosa. Kweli. Machi 2020 Imperial College London ilitoa makadirio ya vifo vya korona yaliyotikisa serikali ya Uingereza. Msimbo uliotumika ulikuwa wa zaidi ya miaka 13, ulioandikwa kwa ajili ya mafua, maelfu ya mistari bila maelezo, kwa kauli ya mwenyewe Neil Ferguson. Ulipotolewa hadharani baada ya kusafishwa, waandishi wa programu waliushambulia sana. Juni mwaka huo Stephen Eglen wa Cambridge aliuendesha upya akapata matokeo yanayolingana na ya ripoti. Kwa hiyo hesabu zilirudiwa na zikasimama. Ila katikati ya msiba, watu walibishana juu ya usafi wa msimbo badala ya kubishana juu ya ugonjwa.

Kwa sisi wa shahada ya kwanza sidhani tunahitaji yote. Mtu mwenye dodoso sitini hahitaji mitambo ya kampuni. Anahitaji data ghafi zisiguswe, zikae folda yake peke yake, na kila mabadiliko yafanywe kwa amri zilizoandikwa na si kwa kubofya na kusahau. Wa SPSS, menyu zile zina kitufe cha kuziandika amri badala ya kuzitekeleza tu, kitumieni. Anahitaji majaribio matano au sita ya majibu yanayojulikana. Anahitaji mwenzake mmoja aendeshe kazi yote upya kwenye laptopu nyingine, kuanzia data ghafi hadi jedwali la mwisho, bila yeye kumsimamia begani. Zikitoka namba zile zile, vizuri. Zisipotoka, afadhali zikatae bwenini kuliko siku ya utetezi.

Idara nazo zina lao. Leo ripoti yetu ina dodoso kama kiambatisho cha kwanza na barua ya ruhusa ya mkurugenzi wa halmashauri kama cha pili. Naomba msimbo uwe cha tatu, hata kama ni kurasa mbili, pamoja na lile faili dogo la mvua za kubuni na majibu yake, ili atakayekwenda fildi Iramba au Manyoni mwakani aanzie pale sisi tulipoishia na akague kama msimu bado unaanza Novemba.